Tangawizi, Mvua na Joto

Hotuba juu ya ugonjwa wa kuoza, iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wakulima katika milima ya Upare ya Kusini, wilaya ya Same



Najua wamo humu wanaojiuliza kimoyomoyo, "Huyu ni karani, ana habari gani ya jembe?" Swali hilo ni la haki, wala sikasiriki kuulizwa. Kazi yangu tangu nilipotoka shule ni kalamu na daftari. Lakini nina shamba la tangawizi kama ninyi, na katika shamba hilo nilipata hasara, na kwa hasara yangu niliwaingiza wengine katika hasara kubwa kuliko yangu. Basi sikuja hapa kuwa mwalimu wenu. Nimekuja kama mtu aliyeungua, awaonyeshaye wenzake mahali penye moto.

Katika milima yetu hii tangawizi ndiyo sare za watoto, ndiyo bati la nyumba, ndiyo fedha ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Ikioza, si mmea tu ulioharibika. Nyumba nzima imerudi nyuma mwaka mmoja. Ndiyo maana nimeona yafaa tuseme habari hizi waziwazi.

Neno langu ni moja, na yote nitakayosema ni ya kulieleza. Watu husema, "Mvua ya mwaka huu imeozesha tangawizi." Mimi nasema: ugonjwa huingia shambani kwa mkono wa mtu, na hali ya hewa huuamsha. Mvua na joto hatuwezi kuviamuru. Mkono ni wetu.

JINSI UGONJWA UNAVYOINGIA

Mahindi hupandwa kwa punje, na maharagwe vivyo hivyo. Tangawizi sivyo. Twapanda kipande cha tunguu, yaani kile kiungo kinene cha chini ya ardhi tukilacho, nacho ni kipande cha mwili wa mama yake. Mama akiwa mzima, mtoto huwa mzima. Mama akiwa na ugonjwa, hata ukiwa mdogo usioonekana kwa macho, mtoto hutoka nao. Kwa hiyo anunuaye mbegu ya tangawizi asiyoijua asili yake ni kama mtu aokotaye mzigo njiani na kuuingiza nyumbani bila kuufungua.

Tena kuoza kwenyewe si kwa namna moja, na hapa wengi wetu hukosea, tukaita kila kitu "uozo" na kutafuta dawa moja. Nitataja maradhi matatu, kila moja na alama zake.

La kwanza ni uozo laini. Huletwa na kiumbe kidogo mno kiitwacho pithiamu. Zamani wataalamu walikihesabu katika jamii ya kuvu, na watu wengi hukiita hivyo hata leo. Lakini wachunguzi wamekitenga, kwa kuwa kwa nasaba kiko karibu zaidi na mwani wa majini kuliko kuvu halisi. Habari hiyo ina faida kwa mkulima, maana yatuonyesha tabia yake: ni kiumbe cha maji. Mwaka 1907 mtaalamu mmoja jina lake Butler, aliyechunguza maradhi ya mimea huko India, alieleza uozo huu wa tangawizi kutoka upande wa Surat. Basi si jambo geni duniani. Alama zake ni hizi. Majani ya chini huanza kuwa manjano kwenye ncha, na umanjano huo hushuka ukifuata ukingo wa jani, kisha hupanda kwenye majani ya juu. Shina, pale litokapo ardhini, huonekana kama limeloweshwa, tena laini. Ukilivuta, hutoka mkononi mwako bila nguvu. Ukifukua, wakuta tunguu limekuwa kama uji ndani ya ngozi yake, na harufu yake ni mbaya.

La pili ni ugonjwa wa umanjano, uletwao na kuvu halisi iitwayo fuzariamu. Huu hauna haraka. Mmea hudumaa, hugeuka manjano na kunyauka polepole, lakini shina husimama, wala halivutiki kwa urahisi. Ukilikata tunguu, waona rangi ya kahawia ndani yake. Mara nyingi tunguu lenye ugonjwa huu hukauka na kusinyaa badala ya kuwa uji, na kazi yake huendelea hata ghalani baada ya mavuno.

La tatu si kuvu kabisa; ni mnyauko wa bakteria. Mmea hulegea ungali kijani, na majani hujikunja kama yaliyokosa maji, ijapokuwa udongo umelowa. Ugonjwa huu una njia rahisi ya kuutambua. Kata kipande cha shina karibu na tunguu, ukining'inize katika glasi ya maji safi, usikitikise. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka mahali palipokatwa. Jambo hili hata mtoto wa shule aweza kulifanya.

Kwa nini nawachosha kwa kupambanua hivi? Kwa sababu zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya pithiamu ambazo haziidhuru fuzariamu hata kidogo, na dawa ya kuvu haimuui bakteria. Mtu aweza kuuza mbuzi wake akanunua dawa, akanyunyizia ugonjwa usio wake, kisha akalaumu dawa, na muuzaji, na mvua.

KAZI YA MAJI

Pithiamu hukaa udongoni muda wa miaka katika hali ya mayai yenye ganda nene. Jua likiwaka, udongo ukikauka, mayai hayo hulala tu. Hayafi upesi. Udongo ukijaa maji, huamka na kutoa vijimbegu vyenye mikia, viwezavyo kuogelea. Nao mzizi wa tangawizi hutoa utamu kidogo udongoni, na vijimbegu hivyo huufuata utamu kama nyuki wafuatavyo ua, hata vikaushika mzizi na kuupenya.

Kuna na madhara mengine. Mizizi nayo hupumua. Udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, na mzizi uliokosa hewa hudhoofika. Basi maji yakituama shambani, adui amepewa mashua, na mwenye nyumba amefungwa mikono.

Angalieni, nimesema maji yaliyotuama. Tangawizi yenyewe yapenda maji. Katika nchi nyingi hustawi mahali penye mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka na zaidi. Mvua inyeshayo na kupita haina neno. Ile ibakiayo kati ya mizizi siku mbili, siku tatu, ndiyo iamshayo uozo. Huko Kerala, kusini ya India, wakulima hupanda mwezi wa Aprili na Mei, na mvua kubwa za pepo za kusi hufika Juni. Uozo huzidi katika Julai, Agosti na Septemba, wakati ardhi imeshiba maji. Kadhalika katika jimbo la Queensland, nchi ya Australia, uozo laini ulitokea kwa nguvu katika msimu wa 2007 hadi 2008. Wakulima wa huko wana mashine na dawa na mabwana shamba wengi, na bado ugonjwa uliwapata. Basi tusidhani ni aibu ya maskini.

KAZI YA JOTO

Maji peke yake hayatoshi. Joto nalo lina kazi yake. Pithiamu wanaoozesha tangawizi hupenda joto la digrii 30 za sentigredi na zaidi, na kukiwa na baridi huenda polepole. Fuzariamu hupenda joto la wastani, yapata digrii 23 hadi 29. Kwa hiyo katika mabonde yenye joto, mvua kubwa ikinyesha, mwogope zaidi pithiamu. Na katika mashamba ya juu yenye ubaridi, usimsahau fuzariamu.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwani jambo hili latuhusu sisi watu wa milimani kuliko wengine. Kila upandapo mlima mita 100, joto hupungua zaidi kidogo ya nusu digrii. Ndiyo maana mtu wa tambarare za Mkomazi huvua shati, na wakati ule ule mtu wa chini ya Shengena hujifunika blanketi. Na tangu mwaka 1960 joto la wastani la Tanzania limepanda yapata digrii 1. Mtu aweza kusema, "Digrii moja ni nini?" Fanyeni hesabu. Kama nusu digrii na kitu ni mita 100 za mlima, digrii 1 ni mita 150 na zaidi. Maana yake, shamba alilolima babu yako mwaka 1960 leo lina joto la shamba lililokuwa chini yake mita 150. Shamba halikuondoka mahali pake, lakini hali yake ya hewa imeteremka mlima. Mzee asemaye, "Sisi wa huku juu hatukuujua uozo huu," asema kweli, wala haongopi. Ila ule ubaridi uliomlinda wakati ule umepungua.

Tena mvua zetu zimekuwa na vishindo. Upande wetu wa milima unaotazama bahari hupata mvua kwa pepo zitokazo Bahari ya Hindi. Wataalamu wa hali ya hewa wameona ya kwamba maji ya bahari hiyo ya upande wetu yakipata joto kuliko desturi, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa, mvua za vuli za Afrika ya Mashariki huzidi mno. Ndivyo ilivyokuwa vuli ya 1997, ikawa hivyo tena vuli ya 2019, na tena vuli ya 2023. Miaka mingine mvua hukawia au hukatika, na jua hudhoofisha mizizi, na mvua ya ghafula huikuta mizizi imekwisha choka. Kwa hiyo mkulima asiseme, "Mwaka jana palikauka, ugonjwa umekufa." Haukufa. Umelala.

HABARI YANGU MWENYEWE

Sasa nitasema niliyoahidi kuyasema.

Mwezi wa Septemba 2019 nilitaka kupanda tangawizi upesi, nikaenda kwenye gulio. Nikamkuta mtu nisiyemjua anauza mbegu kwa bei ya chini kuliko ya wengine wote. Nikafurahi, nikajiona mjanja. Mbegu nyingine zilikuwa laini kwa kubonyezwa, na nyingine zilikuwa na madoa. Nikajiambia, "Zimeumia njiani tu." Nikanunua magunia manne. Nikazikata kwa kisu kimoja, toka ya kwanza hata ya mwisho, nikazipanda siku ile ile vidonda vyake vingali vibichi, tena nikazipanda bondeni penye udongo mweusi kando ya mfereji, kwa kuwa nilitaka kuokoa kazi ya kumwagilia. Matuta sikuinua. Niliona ni kazi bure.

Mvua ya vuli ile mwaikumbuka. Oktoba ilinyesha, Novemba ikazidi. Shamba langu likawa kama sinia la maji. Mwisho wa Novemba majani yalianza kuwa manjano kwenye ncha, kisha mashina yakaanguka, moja, kumi, mia. Nilipoyavuta yalitoka mkononi kama nilivyowaeleza.

Hapo ndipo nilipotenda kosa kuliko la kwanza. Niliona haya. Mimi ni karani, mtu aandikaye barua za wenzake; nitasemaje kwamba mbegu za bei rahisi zimenishinda? Nikang'oa mimea iliyooza jioni, watu wasinione, nikaitupa mfereji. Maji yakaichukua. Nikasema moyoni, "Yamekwisha."

Chini yangu kwenye mfereji ule ule palikuwa na shamba la mama mmoja mjane. Jina lake silitaji kwa heshima yake. Tangawizi yake ilikuwa imepandwa tangu masika, imekaribia kukomaa, na fedha yake ilikwisha pangwa: binti yake alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni mwezi wa Januari, naye ahitaji nauli, na sare, na godoro. Katika muda wa wiki tatu shamba la mama yule lilianza kuoza, kwanza pale maji yaingiapo, kisha katikati, kisha lote. Baada yake likafuata shamba la chini yake.

Watu wakaanza kunong'ona. Juu yangu alikuwako mzee mmoja mpole, ambaye tangawizi yake ilisimama kijani, haikuguswa. Wakasema, "Kwa nini ya kwake haikuoza? Bila shaka ana jambo." Wakaacha kumsalimu njiani. Watoto wakakatazwa kupita kwake. Mimi nilijua nilichotupa mfereji, nikanyamaza. Siku nyingi nimeyafikiri mambo haya, na naona kwamba kunyamaza kwangu kuliharibu kuliko mbegu zangu.

Bwana Shamba alipokuja, hakuuliza mtu habari za kijicho. Alianza kwenye mashamba ya chini, akapanda taratibu kuufuata mfereji, akitazama shamba moja baada ya moja. Alipofika kwangu alisimama. Akapanda tena hata kwa yule mzee, akafukua mmea mmoja, akaukuta mzima. Akarudi, akasema maneno machache tu: "Maji hayapandi mlima. Ugonjwa umeanzia hapa."

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nami niliumbuka. Nilikwenda mbele ya wazee, nikasema yote kama nilivyoyasema leo. Nikamwomba radhi yule mzee mbele ya watu waliomshuku, na baadhi yao wakamwomba radhi pamoja nami. Kwa yule mama nililipa nilichoweza kulipa. Binti yake alikwenda shule, lakini alichelewa wiki tatu, na godoro alilolichukua lilitoka kitandani kwangu. Masomo ya wiki tatu sikuweza kumrudishia.

YATUPASAYO KUFANYA

Tangu hapo tuliofuatana kwenye mfereji ule tulikaa pamoja tukashauriana, na Bwana Shamba akatuongoza. Haya ndiyo tuyafanyayo.

Kwanza, mbegu. Chagua mbegu shambani, mimea ingali imesimama, wala usingoje mpaka zimo guniani. Mahali penye mmea mmoja mgonjwa, usichukue mbegu hapo wala kandokando yake. Ukilazimika kununua, nunua kwa mtu ambaye umeliona shamba lake. Tunguu la mbegu liwe gumu, lisilo na doa. Ukikata, kila kipande kiwe na macho mawili au zaidi, na kisu kisafishwe mara kwa mara. Kisha vipande vikae kivulini siku chache hata vidonda vikauke. Wako wanaotumbukiza mbegu katika maji ya moto ya digrii 50 kwa dakika 10 ili kupunguza ugonjwa. Njia hii ni nzuri, lakini yataka kipimajoto. Asiye nacho asibahatishe kwa kidole, maana moto ukizidi macho hufa, na ukipungua ugonjwa husalia. Tena ajaribu kwanza kwa vipande vichache.

Pili, mahali. Acheni bonde ambalo maji hukaa. Inueni matuta ya urefu wa shibiri moja au zaidi kidogo kwenda juu, upana wa mita 1, na katikati yake njia ya maji. Katika mteremko, matuta yasishuke moja kwa moja na mlima, maana mvua itachukua udongo wote. Wala yasilale sawasawa kabisa, maana maji yatasimama. Yapeni mwinamo mdogo, maji yapate kutembea bila kukimbia. Kisha funikeni matuta kwa majani makavu, yapunguze joto la udongo na yazuie matone ya mvua yasirushe matope juu ya mashina.

Tatu, kupokezana mazao. Shamba lililooza lisipandwe tangawizi kwa muda wa miaka 3 kwa uchache, na zaidi ikiwezekana. Panda mahindi. Usipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo mahali palipokuwa na mnyauko wa bakteria, kwani mimea hiyo huulisha ugonjwa ule ule. Magimbi nayo huweza kushikwa na pithiamu, basi yasiwe ndiyo mazao ya kupumzishia shamba la tangawizi. Bonde langu mimi sasa ni la matete ya ng'ombe.

Nne, macho. Wakati wa mvua pita shambani kila siku mbili. Uonapo mmea mmoja mgonjwa, uchimbe pamoja na udongo wake, uuweke kwenye gunia lisilovuja, uutoe nje ya shamba na kuuchoma. Chimba mfereji mdogo kuzunguka mahali pale ili maji ya hapo yasiende kwa mimea mizima, na maji hayo yasitoke nje ya shamba lako. Safisha jembe na miguu kabla ya kwenda tuta jingine. Habari ya dawa muulize Bwana Shamba, naye atataka kwanza kujua ni ugonjwa gani. Samadi iwe imeoza barabara. Iko pia kuvu rafiki iitwayo trikoderma, ambayo huchanganywa na mboji na kupigana na kuvu mbaya udongoni. Lakini nayo hufanya kazi kwa mwenye matuta mazuri. Haimwokoi mwenye dimbwi.

Tano, mfereji. Hili ni la wazee. Baba zetu walijenga ndiva za kukusanya maji na mifereji ya kuyagawa, na kila mtu alikuwa na zamu yake, na aliyeiba zamu alitozwa. Sheria zile zililinda wingi wa maji. Sasa twahitaji kulinda na usafi wake. Sisi tulikubaliana hivi: mtu asitupe mmea wa tangawizi mfereji, uwe mzima au mgonjwa, mwenye shamba lililoanza kuoza afunge mlango wake wa maji na awape habari walio chini yake siku ile ile. Na asemaye kweli mapema hatozwi kitu. Faini ni ya afichaye. Sharti hili la mwisho lilitolewa na yule mzee tuliyemshuku, nami naona ndilo bora kuliko yote.

Mtaniuliza, "Je, mmefaidi nini?" Vuli ya 2023 mvua ilinyesha kwa wingi tena, kama mjuavyo. Sidai kwamba hatukupoteza kitu. Kwa yule mama, ambaye tangawizi yake sasa iko kwenye matuta upande wa juu, mimea michache ilioza katika kona moja. Aliiona siku ya kwanza, akaniita mimi na jirani zake, tukaichimba pamoja mchana kweupe. Kona ile ilipotea, na shamba likabaki.

MWISHO

Wazee wetu, nawaomba mlitie jambo la mfereji katika mashauri yenu kabla ya mvua kuanza, maana mvua ikisha kuanza kila mtu hutazama shamba lake tu. Walimu, nawaomba mwafundishe watoto ile njia ya glasi ya maji, na kuzitambua alama nilizozitaja. Mtoto apitaye shambani akitoka shule huona mambo ambayo baba yake hayaoni. Nanyi wakulima wenzangu, nawaomba neno moja: mtu akija kwako na kusema, "Shamba langu limeanza kuoza," usimcheke. Ukimcheka, mwakani hatasema, na maji yatakuja kukuambia badala yake.

Mvua kubwa zitakuja tena, na joto halionyeshi kurudi nyuma. Lakini mbegu ni sisi tuzichaguao, matuta ni sisi tuyainuao, na kinywa cha kumwonya jirani ni chetu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikuja kuomba pole. Nimekuja kuwaonyesha mwiba ulipo, ili msiukanyage.